Matangazo ya Tumbo kwenye Ukurasa wa Vitenge

Jumamosi, katikati ya Aprili. Mvua.

Imeanza alfajiri na haikukata mpaka adhuhuri. Mtaa wetu wa Kariakoo uligeuka mchuzi: maji meusi, maboksi yaliyolowa, wabeba mizigo wakipiga kelele za "pisha, pisha!" huku miguu imezama mpaka vifundoni. Nilifika dukani sketi imeniganda. Moyo nao haukuwa mkavu.

Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna tangazo hata moja. Hii ni shajara yangu, si ile blogu ya vitenge. Ile ya vitenge ndiyo iliyonitia wazimu leo, na nikiandikia kule, pembeni ya hasira zangu litatokea tumbo la mtu.

Nianze mwanzo, ili hata nikisoma mwakani nielewe nilikuwa nalalamikia nini.

Nauza vitambaa kwenye duka la Mama Jigna, jirani na Mtaa wa Msimbazi. Ni duka la familia yao tangu enzi za baba mkwe wake. Kaunta moja, rafu mpaka darini, picha ya mungu wao wa heri ukutani yenye ua jipya kila asubuhi. Nimekaa humo kiasi kwamba ukinifumba macho ninaweza kukuonyesha kila jora lilipo.

Blogu niliianzisha kwa sababu ya maswali. Wateja wanabadilika, maswali hayabadiliki. Hiki kinachuja? Sare ya kamati nzima tuchukue jora zima au tukatiwe? Kipi fundi hatakilalamikia? Nikaona niyaweke majibu mahali pamoja. Kila Jumanne naandika kuhusu kitambaa kimoja: kimetoka wapi, kizito au chepesi, na kilifanya nini nilipokifua mara ya kwanza. Nakifua mwenyewe, kwenye beseni langu, kwa sabuni ya kawaida. Kikichuja naandika kinachuja, hata kama rafu yetu imejaa hicho hicho. Mama Jigna hakulipenda jambo hilo mwanzoni. Baadaye watu wakaanza kuja wakisema "nipe kile mlichosema hakichuji", akaacha kulalamika.

Halafu nikaweka matangazo. Kuna kampuni ya ng'ambo, kila mwenye blogu anaijua: unaipa nafasi kwenye ukurasa wako, inajaza yenyewe. Sikuwaza utajiri. Niliwaza kwamba mtu anayesoma kuhusu kitenge cha sare, akiona pembeni fundi au ukumbi au cherehani, basi tangazo litakuwa sehemu ya jibu.

Likaja koti la theluji.

Kweli kabisa. Dar es Salaam, jasho linadondokea kwenye kibodi, ukurasa unazungumzia khanga, na pembeni mzungu amejifunika manyoya mpaka puani. Lilipoondoka likaja tangazo la kutafuta mchumba, tena juu ya makala niliyoiandikia wajane wanaotafuta khanga za kutoka eda. Siku ile niliona aibu kama niliyemwalika mhuni kwenye msiba.

Nikaanza kulifanyia kazi suala hili kama ninavyopanga rafu. Kitu kimoja kwa wakati. Nasubiri, natazama, ndipo nakishika kingine. Kwanza nikazuia yale ambayo sitaki kuyaona kabisa: kamari, waganga, wachumba. Kisha nikaacha kuchanganya mambo. Zamani ukurasa mmoja ulikuwa na kitenge, salamu za Idi na lawama za kukatika umeme, sasa mtambo wa kampuni ungejuaje nazungumzia nini? Nikaupa kila ukurasa jambo lake moja na kichwa kinacholitaja waziwazi. Chini ya kila picha nikaandika ni kitambaa gani na kinashonwa nini, badala ya "tazameni uzuri huu". Tangazo la juu nikaliacha, la chini nikalisogeza karibu na maelezo ya mishono.

Na yakaanza kutii. Zikaja nyuzi. Zikaja cherehani. Siku lilipotokea tangazo la ukumbi wa harusi wa hapa hapa mjini nilipiga makofi peke yangu kaunta, mteja akanisogelea akidhani namwita.

Ndipo Mama Jigna akatoa ahadi niliyokuwa naisubiri. Akasema blogu ikionekana ya watu wenye heshima, tangazo la duka litakaa pale juu, na mimi nitapata asubuhi mbili kila wiki za kuandika kwenye kompyuta ya duka bila kujificha. Isipoonekana hivyo, kompyuta itarudi kwenye kazi zake. Simu yangu kioo kimepasuka na bando halikai. Bila ile kompyuta, blogu haipo. Akasema ataitazama mwenyewe Jumamosi.

Yaani leo.

Sasa wiki hii, bila mimi kugusa chochote, matangazo yakaharibika. Siku moja likapenya la chai ya kupunguza tumbo. Nikalizuia. Likaja la mkanda wa tumbo. Nikalizuia na hilo. Zikaja picha za kabla na baada, mwanamke yule yule, matumbo mawili. Kila nilipofunga mlango mmoja, tumbo lilipitia dirishani. Cherehani zikatoweka. Ukumbi ukatoweka. Nilirudia kila hatua niliyokuwa nimeifanya, nikasoma maelekezo yao upya neno kwa neno, nikajiuliza kama ni mimi niliyeandika kitu kuhusu unene bila kujua. Jana niliomba tu kwamba mvua ikate umeme leo.

Haikukata.

Mama Jigna alivaa miwani, akavuta kiti, akafungua. Juu ya picha ya kitenge changu cha wiki hii, tumbo. Akashusha ukurasa. Tumbo jingine. Akashusha tena, akafika kwenye mishono ya magauni ya harusi, akakuta mkanda.

"Hapa tunauza vitambaa au tunauza matumbo?"

Nikaanza kueleza. Kwamba si mimi ninayeyachagua, kwamba wiki iliyopita yalikuwa mazuri, kwamba mtambo unatazama maneno ya ukurasa na kile wasomaji wanachokibofya, na mengine ambayo hawatuambii.

"Baba mkwe alikuwa anaandika kwa chaki pale mlangoni," akasema. "Nguo zimefika. Basi. Mchana foleni imefika kona. Hakuwahi kumwonyesha mtu tumbo."

"Enzi zile nguo hazikuwepo, Mama Jigna."

"Ndiyo. Nguo hakuna, na tumbo pia hakuna."

Hapo nilitaka kucheka nikashindwa. Ana haki. Yeye alikuta biashara ya kitu kinachokosekana. Mimi niko kwenye biashara ya kitu kilichojaa. Tangu milango ya biashara ilipofunguliwa, mtaa huu una vitenge vya kila nchi, kila duka limeninginiza vile vile, na machinga amevitandaza mpaka kwenye ngazi zetu. Chaki haitoshi tena. Anajua. Ndiyo maana alikubali kuitazama blogu.

Alikuwa bado ameshika kipanya hewani kama anayetaka kumpiga mende nacho, wakati mama mkubwa alipoingia.

Mama mkubwa Hadija ni dada wa mama yangu, ndiye aliyenipokea Ilala nilipotoka Lindi kuja kusoma sekondari. Kila nilichonacho mjini hapa kilianzia kwenye chumba chake. Wiki mbili zijazo anamwoza mjukuu wake, Salma, na leo alikuja kuchagua sare ya wanawake wa kamati. Alikunja mwavuli, akavua ndala mlangoni kwa heshima ya sakafu.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Mvua hii haina adabu. Mama Jigna, biashara inakwendaje?"

"Tunasukuma tu, Bi. Hadija. Karibu, ufute maji."

Akasogea kaunta akijifuta kwa ncha ya khanga, jicho likaangukia kwenye kompyuta.

"Hee! Hilo si letu hilo!"

"Lenu kivipi?" Mama Jigna akauliza.

"La tumbo. Nimelibofya mimi mpaka kidole kimeota sugu."

Mama Jigna akanitazama. Mimi nikamtazama mama mkubwa. Naye alikuwa anatabasamu kama mtu aliyefichua zawadi kabla ya siku yake.

Akaeleza yote bila kuulizwa. Jirani yake, Mama Nasra, alisikia saluni kwamba mwenye blogu anapata chochote kila mtu anapobofya tangazo. Wanawake wa kamati wakaambizana: mtoto wetu anahangaika peke yake na sisi tunamwangalia? Wakafungua kundi kwenye simu bila kuniingiza, wanishtukize. Kila alfajiri baada ya swala, kabla chai haijateremshwa, kila mmoja anafungua ukurasa wangu, anabofya lile kubwa la juu, anafunga, anaandika kwenye kundi "nimebofya". Kama vile kwenye mchango wa harusi mtu anavyoandika "nimetoa". Asiyeandika anakumbushwa.

Nikaielewa wiki nzima kwa mara moja. Chai ya tumbo ilipenya kwa bahati mbaya, ikiwa ndiyo kubwa la juu. Wanawake wa Ilala wakaibofya kwa upendo. Mtambo ukaona wasomaji wa ukurasa huu, wakiamka tu, wanakimbilia tumbo. Ukaleta tumbo zaidi. Wakabofya zaidi.

Nilichotakiwa kusema kilikuwa kifupi: acheni.

Lakini mchango unaukataaje? Mbele ya bosi, kwa mwanamke aliyenilea, aliyevua ndala mlangoni, anayesubiri uso wangu ung'are?

Nikasema, "Ahsante sana mama mkubwa. Mmenifanyia jambo kubwa."

"Basi kuanzia leo tutaongeza na baada ya Isha."

Nilihisi miwani ya Mama Jigna kwenye shavu langu.

Mama mkubwa hakuona kitu. Alikuwa ameshageukia rafu. Akanyoosha kidole moja kwa moja kwenye kile cha zambarau chenye miavuli.

"Hicho. Kamati yote tumeshakubaliana. Tumekiona kwenye simu, kinapendeza."

"Hicho kinachuja, mama mkubwa. Nilikifua. Maji yalitoka kama juisi ya zabibu. Watu wakitoka jasho tu ukumbini mtarudi mna mikono ya zambarau. Niliandika Jumanne."

"Uliandika wapi?"

"Kwenye ukurasa huo huo mnaobofya. Picha ile ni ya kitambaa hicho."

Akainamia kioo cha kompyuta.

"Kumbe chini kuna maneno?"

Mama Jigna alicheka mpaka akashika kaunta kwa mikono miwili. Sijawahi kumwona akicheka hivyo, na ningefurahi kumwona kama jambo lenyewe lisingekuwa langu.

"Usinune," mama mkubwa akaniambia. "Sisi tunaenda kutoa, hatuendi kukaa. Wewe ukipeleka mchango wa harusi unaanza kuisoma kadi?"

"Lakini mama mkubwa..."

"Lakini nini? Niwekee pembeni jora la miavuli. Kamati inakaa kesho, tutaamua. Kuchuja, kuchuja... siku hizi kila kitu kinachuja."

Akavaa ndala, akafungua mwavuli, akaondoka zake.

Mama Jigna alisubiri mpaka kicheko kikaisha chote, akarudi kuwa Mama Jigna. Akasema ndugu zangu wananipenda, hilo amelishuhudia. Akasema pia Jumamosi ijayo atafungua tena. Akikuta tumbo, kompyuta inarudi kuhesabu majora, na yeye haulizi ni nani aliyelibofya.

Hakuna la kumlaumu. Ningekuwa mimi, jina la duka la mume wangu nisingelisimamisha kati ya chai na mkanda.

Mchana wote nilifanya kazi vibaya. Nilimkatia mteja kitambaa pungufu, ikabidi nimpe kipande kingine na kuomba radhi. Mara mbili niliandika ujumbe kwa mama mkubwa nikaufuta. Wa kwanza ulikuwa na maneno "mtambo" na "takwimu"; nikajisikia kama karani wa ofisi anayemfukuza mtu dirishani. Wa pili ulianza na "samahani sana" na haukufika popote.

Kuna jambo jingine ambalo sikulisema dukani. Masharti ya ile kampuni yanaeleza waziwazi: watu wakikubaliana kubofya ili kumsaidia mwenye ukurasa, huo ni udanganyifu, na wanaweza kukufungia moja kwa moja. Nililisoma tena leo jioni. Kusaidiana ni udanganyifu. Nitalielezaje hilo kwa wanawake ambao hawajawahi kuozesha, kuzika wala kujenga choo bila kusaidiana? Watauliza nimejiingiza kwenye kampuni ya watu gani.

Na huenda watakuwa na haki ya kuuliza.

Alasiri mama mkubwa akaniingiza kwenye kundi, maana siri imeshatoka. Nikasoma kuanzia juu. Nimebofya. Nimebofya. Nimebofya, Alhamdulillah. Mama Nasra aliandika: "Nimebofya mawili, moja langu, moja la marehemu mama, maana naye alimpenda." Nikakaa chini kwenye jora. Marehemu huyo ndiye aliyekuwa akinisuka nywele nilipokuwa kidato cha kwanza.

Utamkasirikiaje mtu anayembofyia marehemu?

Lakini nimekasirika. Niliseme hapa, kwa kuwa hapa hakuna anayesoma. Sikukasirika kwa ajili ya tumbo. Tumbo nitalizuia, nitahamisha nafasi, nitasubiri, nitaanza upya. Hiyo ni kazi na kazi naiweza.

Hawasomi.

Hicho ndicho kinachoniuma. Wale wanawake ndio ninaowaandikia. Ninapoandika "sare ya kamati" ninaiona kamati yao. Ninapofua kitambaa kwenye beseni ninaifikiria mikono yao. Nimesumbuka mwezi mzima kutafuta namna ya kuwafanya wageni wa mbali wawaonyeshe watu wangu tangazo linalowafaa, na watu wangu wanapita mbele ya neno "kinachuja" kila alfajiri, wanaweka mchango mlangoni, wanarudi kuteremsha chai. Mimi na ile kampuni tunafanana. Wote tulidhani kwamba anayebofya amesoma.

Na labda kosa liko pale pale kwenye "nilidhani". Mama mkubwa anajua kusoma vizuri sana, barua zote za mtaa zinapitia kwake. Lakini ni lini nilimwambia nimeandika nini? Niliwaambia ndugu zangu "nina blogu", kama mtu anavyosema "nina kibanda sokoni". Ukimwambia mtu una kibanda, atakuja kukuungisha. Sikuwahi kumwambia kilichomo.

Kwa hiyo nimeamua. Kesho kamati inakaa nyumbani kwa mama mkubwa. Nitakwenda, na nitabeba kipande cha kile cha zambarau na beseni dogo. Nitakifua mbele yao. Wakishayaona maji, nitafungua ukurasa na kuwasomea kilichoandikwa, ili wajue kwamba kilikuwepo tangu Jumanne. Halafu nitawaomba mchango wa aina nyingine: wasome, na wasibofye kitu chochote isipokuwa kile wanachokihitaji kweli. Mwenye shida ya ukumbi abofye ukumbi. Mwenye shida ya tumbo, haya, abofye tumbo, ni haki yake. Hapo mtambo utajifunza kutoka kwao wenyewe, na sioni nani angeweza kuufundisha vizuri zaidi.

Kama watakasirika, wakasirike wakiniangalia usoni. Si kwenye simu.

Nilikuwa nimemaliza sentensi hiyo na nataka kufunga, simu ikalia. Mama mkubwa, kwenye kundi, anawaandikia wote:

"Jamani, leo nimesoma mpaka chini. Kweli imeandikwa kinachuja. Tubadilishe, tuchukue kile cha kijani, ameeleza vizuri kabisa hakichuji na fundi hatasumbuka. Mtoto anajua kuandika huyu! Halafu nikalibofya lile la tumbo, nisimwangushe."

Nimeusoma mara kadhaa. Kuna sentensi moja humo ambayo nitaibeba mpaka nizeeke, na inafuatwa na moja itakayonifungia blogu.

Chini yake wameanza: nimebofya, nimebofya, nimebofya.

Nikakusanya nguvu nikaandika: "Mama mkubwa, nakuja kesho asubuhi na mapema. Tafadhali msibofye kitu mpaka nifike."

Akajibu hapo hapo:

"Kwani kapu la mchango limejaa?"

Beseni nimeliweka mlangoni, kipande cha zambarau ndani yake. Kesho nayo ina alfajiri yake, na itabidi nifike Ilala kabla ya vidole.